Jicho vivu la mtoto wa Garissa halitangoja mchezo wa simu

Mwalimu mmoja anayefundisha madarasa ya chini mjini Garissa ameniandikia akitaka kujua iwapo ni kweli kwamba siku hizi ipo michezo ya simu inayotibu jicho vivu. Amesikia kuwa katika nchi tajiri mtoto huvishwa miwani maalum, akapewa kishikwambi acheze au atazame katuni kwa muda wa saa moja kila siku, na baada ya miezi michache jicho lililokuwa limelala huamka. Anauliza, je, vile vishikwambi ambavyo serikali ilianza kuvisambaza katika shule za msingi mwaka 2016, zaidi ya milioni moja nchini kote, na ambavyo katika shule nyingi vimefungiwa kabatini, haviwezi kufanyishwa kazi hiyo?

Swali lake ni jema na linastahili jibu refu kuliko ndiyo au la. Michezo hiyo ipo, na baadhi yake imefanyiwa majaribio ya haki. Hata hivyo, nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba mtoto wa Garissa, wa Wajir na wa Mandera hajakosa mchezo. Amekosa mtu wa kumfunika jicho moja na kumwuliza anaona nini, kabla hajafikisha umri wa miaka saba.

Tuanze na maradhi yenyewe, maana walimu wengi huyasikia jina tu. Hili neno "jicho vivu" tumelitafsiri kutoka lugha za Wazungu, nami naona ni neno lisilo la haki, kwani jicho lenyewe aghalabu halina uvivu wowote. Tabibu akilimulika kwa kurunzi yake anaweza kukuta mboni ni safi na ndani ni salama. Penye kasoro ni kwenye ubongo. Mtoto hazaliwi akijua kuona. Huzaliwa na macho, kisha katika miaka ya mwanzo ubongo wake hujifunza kuyasoma yale yanayoletwa na macho hayo, kama mwanafunzi wa chekechea anavyojifunza kusoma herufi. Ikiwa jicho moja linaleta picha iliyo wazi na la pili linaleta picha yenye ukungu, au ikiwa macho yanaelekea pande mbili na kuleta picha mbili zisizopatana, ubongo huchagua picha moja na kuipuuza ya pili. Ukiipuuza kwa miaka kadhaa, husahau kabisa kuisoma. Wafugaji wa Lagdera na Fafi wataelewa jambo hili upesi kuliko sisi watu wa vitabu: njia ya kisimani isiyokanyagwa na ngamia kwa misimu kadhaa huota miiba, hata ukija kuitafuta huioni, ilhali kisima kingali na maji.

Wataalamu wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, walilithibitisha jambo hili katika miaka ya 1960 huko Marekani. Walishona kope za jicho moja la paka mchanga, wakazifungua baada ya muda. Jicho lilikuwa zima, lakini chembe za ubongo zilizopaswa kulisikiliza zilikuwa zimekwisha kuhamia jicho la pili. Walipomfanyia hivyo hivyo paka mkubwa, hakudhurika. Kwa uchunguzi wao wa namna ubongo unavyoona walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na tangu hapo hakuna daktari anayebisha kuwa uoni wa mtoto una majira yake, kama mvua za Gu zilivyo na majira.

Yapo mambo matatu yanayoleta hali hii. La kwanza ni makengeza. La pili ni macho yasiyolingana nguvu, moja likihitaji miwani zaidi kuliko la pili. La tatu ni kizuizi, kama mtoto wa jicho aliyezaliwa naye au kope iliyoteremka na kufunika mboni. La pili ndilo la hila kuliko yote, kwa sababu halionekani. Mtoto huyo hana makengeza, halii, hasuguasugui macho, tena anakimbia na kucheza mpira na kuokota sindano iliyoanguka mchangani. Jicho moja linafanya kazi ya mawili, na yeye mwenyewe hajui kwamba wenzake wanaona kwa njia nyingine. Makadirio ya kimataifa ni kwamba mtoto mmoja hadi watatu katika kila mia ana jicho vivu. Maana yake ni kwamba mwalimu mwenye darasa la watoto sitini au sabini, na madarasa ya ukubwa huo si haba katika jimbo lile, huenda anafundisha mmoja wao kila mwaka pasipo kujua.

Niliwahi kukaa katika foleni ya kliniki ya macho kwenye mji mmoja wa Kaskazini Mashariki. Mbele yangu alikuwapo ajuza wa Kisomali aliyemleta mjukuu wake wa kiume, mtoto wa miaka tisa hivi, kwa sababu ya uvimbe mdogo kwenye ukope. Afisa wa kliniki, kijana wa huko huko, alipotaka kumpima mtoto macho yote mawili, bibi akakataa kwa upole.

"Daktari, huyu haumwi macho. Mbuzi akipotea kichakani humwona kabla yangu."

"Ayeyo, macho mawili yakiwa wazi nakubali anamwona mbuzi," kijana akamjibu. "Sasa nisaidie, mfunike hili la kulia, kisha umwonyeshe vidole."

Bibi akafunika, akainua vidole vitatu. Mtoto akasema viwili. Akainua vinne, mtoto akasema viwili tena, akacheka akidhani ni mchezo. Bibi hakucheka. Akaurudia mkono wake mara ya tatu, ya nne, akisogea karibu kila mara, hata vidole vikakaribia kugusa pua ya mtoto. Yule afisa hakusema neno. Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa. Nilipomwuliza baadaye iwapo jicho lile lingepona, alinijibu kwamba angalipenda kumwona mtoto yule akiwa na miaka minne.

Wahenga walisema kuwa akipenda, chongo huita kengeza. Kwa mapenzi, mzazi huliona kubwa kuwa dogo. Katika elimu ya macho, hata hivyo, safari huenda pia upande wa pili: kengeza lililoitwa jambo dogo, tena wengine wakalisifu kuwa ni urembo, linaweza kumwacha mtoto akiwa na jicho moja tu la kutegemea maisha yake yote. Na siku jicho hilo zuri litakapochomwa na mwiba wa mgunga au kupigwa jiwe la teo, atabaki gizani. Hapa ndipo penye hatari kwa watoto wanaochunga mifugo.

Sasa nije kwenye tiba. Tiba kongwe ni kulifunika jicho zima ili lile lililopuuzwa lilazimike kufanya kazi. Wanahistoria wa tiba humtaja Thabit ibn Qurra, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 901, miongoni mwa watu wa kwanza kushauri hivyo kwa mwenye makengeza. Huko Ufaransa, Buffon aliandika shauri kama hilo mwaka 1743. Sisi wa karne hii tumeongeza vipimo. Kwanza mtoto hupewa miwani inayomfaa, na katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, zaidi ya robo ya watoto wenye macho yasiyolingana nguvu walipona kwa miwani peke yake. Wasiopona hufunikwa jicho. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kwa watoto wenye uvivu wa wastani, kufunika kwa saa 2 kwa siku kulileta nafuu sawa na kufunika kwa saa 6. Ipo pia dawa ya matone iitwayo atropini, ambayo hutiwa katika jicho zima ili lione ukungu kwa muda. Utafiti wa mwaka 2002 uliilinganisha na kibandiko, na tofauti ikawa ndogo. Matone hayo yanaweza kutiwa hata siku mbili tu kwa wiki.

Hakuna kati ya hizo inayohitaji umeme. Hata hivyo nisiwadanganye wasomaji kwamba ni nyepesi. Kibandiko cha kunata katika joto la Garissa, ambako kivuli chenyewe huunguza, hulowa jasho na kubanduka kabla ya adhuhuri. Mtoto aliyefunikwa jicho huitwa chongo na wenzake, naye hukivua akiwa njiani. Atropini hupanua mboni, na jua la huko halina huruma kwa mboni iliyopanuka, hivyo mtoto huhitaji kofia yenye ukingo mpana au kilemba kilichoshushwa vizuri. Ni kwa ajili ya usumbufu huu wa kufunika, ambao upo hata katika nchi zenye baridi, wataalamu walianza kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo ndiyo ile aliyoisikia mwalimu wetu. Werevu wake ni huu: picha hugawanywa, kila jicho likaonyeshwa sehemu yake, na sehemu ya jicho zima ikafifishwa ili jicho vivu lipate nafasi. Mtoto hawezi kushinda mchezo ila macho yote mawili yashirikiane. Wazo ni zuri mno. Lakini mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililohusu watoto 385 wa umri wa miaka 5 hadi 12. Nusu walicheza mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka kwenye kishikwambi, saa moja kila siku, wakiwa wamevaa miwani yenye kioo chekundu na kijani. Nusu walifunikwa jicho saa 2 kwa siku. Baada ya wiki 16, mchezo haukuonyesha kuwa unaweza kushika nafasi ya kibandiko. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba watoto waliutoroka mchezo kama wanavyokitoroka kibandiko: ni asilimia 22 tu waliotimiza zaidi ya robo tatu ya muda walioagizwa. Mchezo ukiwa dawa huacha kuwa mchezo.

Baadaye wabunifu wakaacha matofali na kutumia filamu za watoto. Mwezi wa Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa kiitwacho Luminopia kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Huvaliwa usoni, na mtoto hutazama katuni saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki. Katika jaribio la watoto 105, waliokitumia kwa wiki 12 walisogea karibu mistari miwili kwenye chati ya kupimia macho, ilhali waliovaa miwani peke yake hawakufikisha hata mstari mmoja. Kifaa kingine, CureSight, kiliruhusiwa mwaka 2022, nacho kilipolinganishwa na kibandiko kiliibuka sawa nacho. Zingatia neno hilo, ndugu msomaji: sawa nacho. Mashine yenye kamera inayofuata mwendo wa mboni, ikitegemea mtandao na agizo la daktari, imelingana na kipande cha pamba na gundi.

Kwa hiyo namjibu mwalimu wangu hivi. Vishikwambi vya shule, vilivyo kama vilivyo, havitatibu jicho vivu. Mchezo wowote unaochezwa macho mawili yakiwa wazi, bila kifaa cha kuzigawa picha, huliachia jicho zima kazi yote na lile jingine likaendelea kusinzia. Mtu akikuuzia programu ya simu akidai itanyoosha macho ya wanafunzi wako pasipo wao kupimwa na mtaalamu, mwulize miwani ya kugawa picha iko wapi, na daktari aliyempima mtoto ni nani. Nina hofu, tena si ndogo, kwamba siku moja kaunti fulani itatangaza zabuni ya mashine za namna hiyo, kwa kuwa mashine hupigwa picha vizuri magazetini. Kipande cha pamba hakina hafla ya uzinduzi.

Je, simu haina manufaa? Inayo, tena makubwa, na ushahidi wake umetoka hapa hapa Kenya. Daktari wa macho Andrew Bastawrous, aliyekuwa akifanya utafiti katika eneo la Nakuru pamoja na wenzake wa chuo cha tiba za nchi za joto cha London, alichoshwa na kusafirisha mitambo mizito hadi vijijini kusiko na barabara wala umeme. Aligundua kwamba huko huko kusiko na barabara, mtandao wa simu ulikuwapo. Ndipo ikatengenezwa programu iitwayo Peek. Simu huonyesha herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kushoto au kulia, na anayepimwa hunyoosha mkono kuonyesha miguu ya herufi imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Hahitaji Kiswahili wala Kiingereza. Mtoto wa Modogashe aliyelelewa kwa Kisomali pekee anaweza kupimwa na mwalimu kutoka Kakamega, wakaelewana kwa mikono.

Huko Trans Nzoia, Dakta Hillary Rono wa Kitale na wenzake waliijaribu katika shule 50 za msingi. Wapimaji walikuwa walimu, wala si madaktari. Nusu ya shule zilitumia simu, nusu zikatumia chati ya kawaida na barua ya karatasi. Karibu watoto 21,000 walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Tofauti kubwa ilionekana katika jambo ambalo sisi walimu tunalijua vyema, yaani barua inayofika nyumbani na isiyofanyiwa kazi. Kati ya waliokutwa na kasoro kwa njia ya simu, asilimia 54 walifika hospitalini. Kwa njia ya karatasi walifika asilimia 22 tu. Siri yake ni kwamba simu ilitoa picha ya kumwonyesha mzazi jinsi mwanawe anavyouona ubao kwa ukungu, kisha ikampelekea ujumbe wa kumkumbusha siku ya kwenda. Mzazi aliyeona kwa macho yake mwenyewe hahitaji kushawishiwa sana.

Basi tunaweza kuuchukua mpango wa Kitale na kuupanda Garissa? Wapo watakaosema ndiyo, nami hapo ndipo ninapotofautiana nao. Trans Nzoia ni nchi ya mashamba, watu wamekaa karibu karibu, na mtoto huingia shule akiwa na miaka sita. Katika Garissa, Wajir na Mandera, watoto wengi wa wafugaji huingia darasa la kwanza wakiwa na miaka minane, tisa, au zaidi, na wengine hawaingii kabisa. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliwahamisha wengine hata waliokuwa wameingia. Programu inayomngoja mtoto mlangoni pa shule itamkuta majira yakimpita. Sitaki kuwakatisha tamaa walio na watoto wakubwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa zaidi kidogo ya nusu ya watoto wa miaka 7 hadi 12 waliotibiwa kwa bidii walipata nafuu ya maana. Lakini nafuu hiyo huja kwa kazi kubwa zaidi, na wazazi walio mbali na hospitali hawana nafasi ya kazi kubwa zaidi.

Isitoshe, mpango wa Kitale ulisimama juu ya mabega ya walimu, na walimu ndio walioadimika Kaskazini Mashariki. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na katika wiki zilizofuata Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka jimbo lile. Sina neno la kuwalaumu waliohama. Nasema tu kwamba ujuzi wowote uliowekwa kichwani mwa mwalimu mgeni peke yake unaweza kupanda basi asubuhi moja na kuondoka naye.

Ni nani asiyeondoka? Ni maalim wa duksi. Katika jimbo lile, mtoto hupelekwa duksi kujifunza Kurani kabla ya kupelekwa shule, wengi wao wakiwa na miaka minne au mitano. Hata jamaa zinazohama na mifugo aghalabu huhama na maalim wao, na watoto hukusanyika chini ya mti jioni, kila mmoja na ubao wake wa mbao aliouandika aya kwa wino wa masizi. Hapa ndipo watoto wa umri tunaoutaka walipo, tayari wamekaa safu, tayari wana mtu wanayemheshimu na kumtii, tena mtu ambaye wazazi humwamini kuliko wanavyomwamini afisa yeyote wa serikali. Na kazi yao yenyewe ni ya macho. Maalim huona nani anauleta ubao karibu na pua, nani anageuza shingo ili asome kwa upande mmoja. Nathubutu kusema kuwa hakuna mpimaji wa macho mwenye nafasi nzuri kuliko yeye, ila hajawahi kuambiwa kwamba anayoyaona yana jina na yana tiba.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wengine watasema kwamba duksi ni mahali pa dini na tusiingize mambo ya hospitali. Wanaosema hivyo wamesahau kuwa kampeni za chanjo zimepita kwa mashehe na maalim mara nyingi. Wengine watauliza nani atalipa. Hapa Katiba ya mwaka 2010 imeturahisishia, kwani elimu ya chekechea na huduma za afya za kaunti zote ziliwekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Waziri wa afya na waziri wa elimu wa Garissa hukaa katika baraza moja, chini ya gavana mmoja. Walimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, nao wengi wao ni wenyeji. Hawahitaji barua kutoka Nairobi ili kukubaliana kwamba kila mtoto wa chekechea na wa duksi apimwe jicho moja moja mara moja kabla ya kutimiza miaka sita, na kwamba simu za kupimia wapewe wahudumu wa afya ya jamii wanaopita manyattani kila mwezi. Umeme wa kuchajia simu si hoja katika kaunti yenye mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, uliozinduliwa mwaka 2019, ingawa najua viko vijiji vinavyouona mtambo ule kwa mbali tu bila kuuonja umeme wake. Paneli ndogo ya dukani inatosha.

Gumu zaidi ni linalofuata baada ya kumtambua mtoto. Barabara kutoka Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370, na mafuriko ya mwezi wa Novemba 2023 yalitukumbusha jinsi Mto Tana unavyoweza kuikata. Makengeza yanayohitaji upasuaji, na mtoto wa jicho wa utotoni, huenda yakalazimu safari hiyo hadi Kikuyu au hospitali nyingine kubwa. Lakini wengi hawahitaji upasuaji. Wanahitaji miwani, kisha kibandiko au matone, kisha mtu wa kuwafuatilia. Miwani inaweza kupimwa na kuagizwa mjini Garissa ikiwa kaunti itaweka mpimaji na fedha ya vioo. Kibandiko kinaweza kuvaliwa duksini kwa saa 2 za kusoma, mbele ya maalim, ambako hakuna atakayethubutu kumcheka mwenzake wala kukivua kabla ya wakati. Utaratibu huo naupendelea kuliko mashine yoyote niliyoitaja hapo juu. Nao wanaotengeneza mashine wakishusha bei na kuthibitisha ubora wake kwa watoto wetu, mlango usifungwe. Ila tusiwangoje.

Nasisitiza kwamba kibandiko huwekwa na mtaalamu baada ya kumpima mtoto, wala si na mwalimu kwa kukisia. Jicho zima likifunikwa mno nalo huweza kudhoofika. Na mwalimu yeyote au maalim akiona mng'ao mweupe ndani ya mboni ya mtoto, hata kama ni kwenye picha ya simu tu, asingoje siku ya kupima. Huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni saratani ya jicho, ambayo ikicheleweshwa huua.

Kwa walimu na wanachuo watakaotaka kuanza hata kabla kaunti haijaamka, kipimo cha awali hakihitaji simu. Chora herufi E kubwa kwenye karatasi nyeupe, uikate ili uweze kuigeuza, kisha simama hatua kadhaa mbali na mtoto penye mwanga mzuri wa nje. Mwache kwanza acheze na macho yote mawili mpaka aelewe kuonyesha kwa mkono. Halafu mpime jicho moja, kisha la pili, na jicho lisilopimwa lifunikwe kwa kiganja kizima bila kubonyezwa. Usimwache ajifunike kwa vidole, kwa maana atachungulia katikati yake. Akisoma vyema kwa jicho moja na kubabaika kwa jingine, andika jina lake. Na yule anayetulia ukifunika jicho la kushoto lakini anahangaika, analia na kuusukuma mkono wako kila ukifunika la kulia, liandike jina lake hata kama hajajibu swali lolote.